Basilika la Watakatifu Yohane na Paulo, Roma: tathmini kwa mahujaji wa kutoka Dodoma

Hija za Roma zinazouzwa Tanzania zina ratiba ya kudumu: Mtakatifu Petro, Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Laterano, Maria Mkuu, picha mbele ya Colosseo, kisha basi linaondoka. Kwa mtu wa Dodoma ratiba hiyo ina pengo. Dakika 10 hadi 15 kwa miguu kutoka Colosseo, juu ya kilima cha Celio, lipo Basilika la Watakatifu Yohane na Paulo, na humo, chini ya altare ya kikanisa cha upande wa kulia, amelazwa Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Ndiye msimamizi wa Kanisa Kuu la Dodoma. Wapasionisti, shirika alilolianzisha mwaka 1720, ndio waliokabidhiwa Dodoma ilipofanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1935, kabla haijawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014. Makao makuu ya shirika hilo duniani yamepakana na kanisa lenyewe.

Sifa na lawama tuzitoe mapema. Kwa ukale na kwa uhusiano wake na Dodoma, ni vigumu kupata kanisa la kulishinda pale Roma. Kwa kumhudumia mgeni ambaye hajajiandaa, ni la hovyo. Sehemu nzuri zimetawanyika kwenye milango mitatu, kila mlango na saa zake, na hakuna kibao cha kukuambia kwamba ulichokiona ni theluthi tu. Ndiyo maana wapo wanaoingia, wanatazama taa za vioo zinazoning'inia, wanatoka baada ya dakika kumi na kusema hakuna kitu.

Majina nayo huchanganya. Yohane na Paulo wa kanisa hili si mitume, wala si Papa Yohane Paulo wa Pili. Kwa mapokeo ni ndugu wawili, maofisa wa ikulu, waliouawa ndani ya nyumba yao wenyewe kwa amri ya Kaisari Juliano mwaka 362 na kuzikwa humo humo. Kila Mkatoliki amewasikia hata kama hakumbuki: wanatajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, "Yohane na Paulo, Kosma na Damiani". Paulo wa Msalaba ni mtu mwingine kabisa, aliyezaliwa Ovada kaskazini ya Italia mwaka 1694, akapewa kanisa hili na nyumba yake na Papa Klementi wa Kumi na Nne mwaka 1773, akafia hapo tarehe 18 Oktoba 1775. Basi humo mna Paulo wawili. Masalia yaliyo chini ya altare kuu ni ya mashahidi wa kale, na ukipiga magoti hapo ukidhani ni kwa msimamizi wa Dodoma, umekosea kaburi kwa hatua chache na kwa karne kumi na nne.

Kufika ni rahisi kuliko madereva wa teksi wanavyotaka uamini. Uwanja wa ndege wa Fiumicino una treni mbili. Leonardo Express inakwenda Termini, stesheni kuu ya Roma, moja kwa moja kwa dakika 32, bei euro 14. Ile ya FL1 ni euro 8, haifiki Termini, na kwa safari hii ndiyo inayofaa: shuka Ostiense, fuata njia ya chini kwa chini hadi kituo cha metro cha Piramide, panda mstari B. Kituo kinachofuata ni Circo Massimo, baada yake Colosseo. Shuka Circo Massimo. Metro unaweza kulipia kwa kugusisha kadi ya benki kwenye geti, ila kadi moja haiwapitishi watu wawili. Kila abiria awe na yake, au anunue tiketi ya karatasi ya euro 1.50.

Kutoka Circo Massimo fuata barabara ya Via di San Gregorio kuelekea Colosseo, kilima cha Palatino kikiwa kushoto kwako. Baada ya mwendo mfupi utaona upande wa kulia ngazi pana za kanisa la Mtakatifu Gregori. Waanglikana wa Dodoma wasilipite bila kulitazama: ni kutoka katika monasteri ya hapo Gregori Mkuu alimtuma Augustino na wenzake mwaka 596 kwenda kuhubiri Uingereza, na Kanterberi ikaanzia hapo. Kushoto kwa ngazi hizo kunapanda kichochoro cha mawe kiitwacho Clivo di Scauro. Ni barabara ya enzi ya Warumi, na juu yake yamepita matao ya matofali yanayoegemeza ubavu wa kanisa.

Hapo punguza mwendo, kwa kuwa watu wengi hupita wakitazama simu. Ukuta ulio kushoto kwako, ambao leo ni ubavu wa kanisa, ni uso wa jengo la ghorofa la Kirumi la karne ya 3. Matao ya milango ya maduka na madirisha ya wapangaji bado yanaonekana, yamezibwa kwa matofali. Wajenzi wa kanisa hawakubomoa nyumba. Walijaza vyumba vya chini, wakatumia kuta kama msingi na kupandisha juu. Aliyejenga ni seneta Pamaki, rafiki wa Mtakatifu Jeromu, mwishoni mwa karne ya 4. Baadaye kanisa liliharibiwa na Wagothi mwaka 410, likatikiswa na tetemeko mwaka 442, likaunguzwa na Wanormani mwaka 1084, likajengwa upya kuanzia utawala wa Papa Paskali wa Pili. Baraza ya mbele yenye nguzo na mnara wa kengele ni vya karne ya 12.

Chini ya matao hayo ndipo ulipo mlango usiotakiwa kuukosa, wa Case Romane del Celio, yaani nyumba za Kirumi. Hauko ndani ya kanisa. Anayeuliza ngazi za kwenda chini akiwa kanisani atahangaika bure, maana mlango ni huku kichochoroni, tiketi ni ya kulipia (weka euro 10 tayari kwa kila mtu), na kuna siku za katikati ya wiki nyumba hufungwa. Tazama ratiba kwenye tovuti yao jioni iliyotangulia, si wiki iliyotangulia, maana hubadilika.

Ndani kuna vyumba zaidi ya 20 vya kati ya karne ya 1 na ya 4, vidogo, vyenye dari ya chini, vinavyofuatana na kupindana kama vya tembe la Wagogo. Unaanza na upagani mtupu: ukumbi wenye chemchemi uliochorwa miungu wa baharini na mashua, kisha chumba cha vijana wenye mabawa wamesimama kati ya ndege na mizabibu. Rangi ya nyekundu na ya samawati bado imo. Endelea hadi chumba cha mtu anayesali: amesimama, mikono ameinyoosha pande mbili, vile vile padre anavyosimama altareni leo. Ni mchoro wa karne ya 4, na hapo ndipo unapoona nyumba ikibadilisha dini.

Kilele ni kijichumba kinachoitwa confessio, unachokifikia kwa ngazi nyembamba. Ni padogo mno. Wakiingia watu wanne, wa tano anasubiri. Kuna kidirisha ukutani kilichoachwa ili waamini wa kale wachungulie mahali walipoheshimiwa mashahidi, na kukizunguka kuna michoro ya mwisho wa karne ya 4. Tafuta ile iliyo juu upande mmoja: watu watatu wamepiga magoti, macho yamefungwa kitambaa, wanasubiri upanga. Ni kati ya michoro ya zamani zaidi duniani inayoonyesha Wakristo wakiuawa. Wanahistoria wanabishana kama kweli Yohane na Paulo waliuawa chini ya Juliano, kwa kuwa masimulizi yaliandikwa baadaye na yana makosa. Ubishi huo hauugusi ukuta. Mtu fulani, miaka isiyofika 50 baada ya tukio linalosimuliwa, alichora kifo cha mashahidi ndani ya nyumba ya watu, na kanisa kubwa likajengwa juu yake.

Vyumba hivi vilikuwa vimefukiwa na kusahauliwa mpaka mwaka 1887, Mpasionisti Padre Germano wa Mtakatifu Stanislao alipoanza kuchimba akitafuta kaburi la mashahidi. Jina lake halijulikani sana Dodoma, lakini la binti aliyemwongoza kiroho linajulikana mno: ni Padre Germano aliyekuwa mwongozi wa Mtakatifu Gemma Galgani wa Lucca, ambaye Dodoma ina masista na hospitali kwa jina lake. Vikundi vya Roma hupelekwa Lucca kwa Gemma, saa kadhaa kwenye basi, bila kuambiwa kwamba kazi ya mkono ya mlezi wake iko hapa Celio.

Tenga dakika 45 hadi saa nzima. Sakafu si sawa, kuna madaraja ya chuma na vizingiti, kwa hiyo viatu vya kisigino havifai, na mzee anayetembelea fimbo atahitaji mtu wa kumshika. Kuna unyevunyevu hata wakati wa jua kali. Mwenye pumu aende na dawa yake. Kabla ya kutoka, pitia chumba cha makumbusho, zilimohifadhiwa sahani za udongo zenye rangi zilizokuwa zimepachikwa kwenye mnara wa kengele.

Sasa panda hadi uwanjani. Mnara umesimama peke yake, mbali na kanisa, na ukitazama kitako chake utaona mawe makubwa yasiyolingana na matofali ya juu. Hayo ni ya jukwaa la hekalu la Kaisari Klaudio, lililoanzishwa na mkewe Agripina baada ya Klaudio kufa mwaka 54. Mnara wa kengele za Misa umekalia hekalu la mfalme aliyefanywa mungu.

Ndani ya kanisa, jiandae kushuka moyo kidogo. Kati ya miaka 1715 na 1718 kila kitu kilifunikwa kwa lipu, dhahabu na mapambo ya enzi hiyo. Zile taa za vioo ni za karne ya 20, za wakati wa Kardinali Spellman wa New York, aliyepewa kanisa hili kwa heshima, kama kila kardinali anavyopewa kanisa la Roma; zinasifiwa na maharusi na kuchukiwa na kila mtu mwingine. Kwa upande mwingine, ni kwa fedha za kardinali huyo huyo uso wa mbele ulivuliwa lipu, yakaonekana tena matao matano ya kanisa la kale, kwa hiyo tumsamehe taa. Katikati ya njia kuu kuna bamba la marumaru lililozungushiwa uzio mdogo: ndipo mapokeo yanaposema mashahidi walikatwa vichwa, na hesabu ya wachimbaji inaonyesha vile vyumba ulimokuwa viko chini ya miguu yako.

Kikanisa cha Mtakatifu Paulo wa Msalaba kiko mkono wa kulia ukiingia. Kukiita kikanisa ni kukionea. Kina kuba lake na kilijengwa kati ya 1857 na 1880, katikati yake Papa Pio wa Tisa akimtangaza Paulo kuwa mtakatifu mwaka 1867. Ni marumaru kila upande, na nguzo za alabasta alizotoa Papa huyo. Mtu aliyetembea peku na kulala sakafuni amepewa kaburi la mfalme, na si ajabu wengine wakasikia kinyaa kidogo. Lakini mwili uko hapo, chini ya altare, na alama ya Wapasionisti, moyo wenye msalaba, ndiyo ile ile iliyozoeleka kwenye parokia walizozianzisha Dodoma. Mara nyingi taa huwa zimezimwa. Kuna giza, na anayekuja alasiri ya Desemba ataona kivuli tu, afadhali asubuhi.

Mlango wa tatu ni wa nyumba ya watawa, pembeni mwa uwanja. Chumba alichofia Paulo kimehifadhiwa humo. Hakiuzwi tiketi na huwezi kujiingilia. Unaomba kwa mtawa aliye sakristia au mlangoni, na jibu linategemea kama yupo wa kukusindikiza. Kikundi kiandike barua pepe wiki kadhaa kabla, kikitaja kwamba kinatoka Jimbo Kuu la Dodoma na kwamba kanisa kuu lao lina jina la mwanzilishi. Barua iandikwe Kiitaliano au Kiingereza, itaje idadi ya watu, tarehe na saa. Kama mna padre na mnataka Misa kwenye altare ya kaburi, ombeni katika barua hiyo hiyo. Kila padre aje na celebret, ile barua ya utambulisho kutoka kwa askofu wake; asiye nayo anaweza kuambiwa akae na waamini.

Saa ndizo huwaangusha wengi. Kanisa kwa kawaida hufunga mchana, karibu saa sita, na kufungua tena kama saa tisa na nusu alasiri. Vibao vya Italia vimeandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane, hivyo 15.30 ndiyo saa tisa na nusu yetu, na 10.00 ni saa nne asubuhi. Simu nayo ibadilishe: Roma iko nyuma ya Dodoma kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na kwa saa mbili wakati wa baridi. Jumamosi ni siku mbaya kabisa, kwa sababu kanisa hili linapendwa kwa harusi. Mapambo yakishapangwa, mhujaji huombwa kwa adabu arudi baadaye. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Khanga moja kwenye mkoba humaliza tatizo.

Mpango unaofanya kazi ni huu: kanisani saa tatu asubuhi, kaburi na sala kwa utulivu, kisha nyumba za Kirumi saa nne zinapofunguliwa, watu wakiwa bado wachache. Mkitoka, ingieni bustani ya Villa Celimontana iliyo jirani na uwanja, hakuna kiingilio, kuna vivuli na mabenchi, mle mlichobeba. Migahawa iliyotazamana na Colosseo ina bei za kuumiza. Maji msinunue, mabomba ya barabarani ya Roma hutiririka saa zote na ni salama, beba chupa tu.

Alasiri nendeni San Clemente, robo saa kwa miguu, upande wa pili wa Colosseo kuelekea Laterano. Klementi naye yumo katika Sala ile ile ya Ekaristi, na kanisa lake ndilo la kulinganisha na hili. Lina tabaka tatu chini ya mlango mmoja: juu kanisa la karne ya 12 lenye mozaiki ya msalaba na njiwa 12, chini yake kanisa la karne ya 4 alimozikwa Mtakatifu Sirili mwaka 869, na chini kabisa nyumba za Kirumi na pango la ibada ya Mithra, mungu wa kipagani, ambako unasikia maji yakipita. Juu ni bure. Chini ni tiketi ya kama euro 10, mapumziko ya mchana yapo, na Jumapili asubuhi chini hakufunguliwi. Picha haziruhusiwi, na wasimamizi hawatanii. Ukutani, katika kisa cha Klementi, Sisinio, mpagani aliyetaka Klementi akamatwe, anawafokea watumishi wake wanaokokota nguzo wakidhani ni mtakatifu, na matusi aliyowatukana yameandikwa wazi. Ni kati ya maandishi ya kale ya Kiitaliano cha mitaani, kwenye ukuta wa kanisa.

Kwa mpangilio San Clemente inashinda kwa mbali. Unalipa, unashuka, unaelewa. Mwenye saa mbili tu Roma na asiye na uhusiano na Dodoma tungempeleka huko bila kusita. Mwenye ubatizo wake kwenye daftari la parokia ya Wapasionisti aanze Celio.

Kuhusu safari yenyewe, yanayokwama ni machache na yanajulikana. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15; msimu wa Pasaka na wa kiangazi cha Ulaya anzeni miezi mitatu kabla. Ubalozi wa Italia uko Dar es Salaam na alama za vidole hutolewa ana kwa ana, kwa hiyo wekeni bajeti ya treni ya SGR kwenda na kurudi. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Bima iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Kinachoangusha maombi mengi ya vikundi ni taarifa ya benki yenye fedha zilizoingizwa kwa mkupuo wiki moja kabla. Mchango wa jumuiya uingie polepole, na barua ya paroko ieleze nani anamlipia nani.

Wanaoweza kuchagua tarehe wachague mojawapo ya tatu: 26 Juni, sikukuu ya Yohane na Paulo, 19 Oktoba, kumbukumbu ya Paulo wa Msalaba, au Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu, ambapo kwa desturi ya kale ya Roma kanisa hili ndilo kituo cha Kwaresima cha siku hiyo, yaani ndipo waamini wa Roma wanapokusanyika kwa Misa. Oktoba kuna baridi ya asubuhi inayoweza kumshangaza hata mtu wa Dodoma aliyezoea upepo wa Julai, basi sweta liwe kwenye begi la mkononi.